Kijana Aliyeukimbia Mchana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika ukurasa huu wa maoni tumezoea kutazama jambo moja linalowashughulisha vijana wetu wanapokuwa nje ya darasa. Safari hii tumechagua katuni za Kijapani, zile ambazo vijana wenyewe huziita anime. Ni nyingi mno, na hatukusudii kuzizungumzia zote. Tumechagua moja, nayo ni Yofukashi no Uta, ambayo nje ya Japani inajulikana kwa jina la Call of the Night. Kwa Kiswahili tungeweza kuiita Wimbo wa Kukesha.

Hatukuichagua kwa sababu ni mbaya kuliko nyingine. Zipo mbaya zaidi, na hizo hazihitaji makala. Tumeichagua kwa sababu ilianza na swali la kweli ambalo kila kijana hukutana nalo, ikakaribia kulijibu, kisha ikatuangusha. Kitu kibovu kabisa mtu hukitupa bila kufikiri. Kilicho nusu kizuri na nusu kibovu ndicho kinachohitaji kuchambuliwa, maana ndicho kinachoingia moyoni bila kubisha hodi.

HADITHI YENYEWE

Hadithi hii ilitungwa na kuchorwa na msanii anayetumia jina la Kotoyama. Ilitoka katika jarida la kila wiki la Shonen Sunday kuanzia mwaka 2019 hadi 2024, ikakusanywa katika vitabu 20. Mwaka 2022 studio ya Liden Films iliigeuza kuwa katuni ya televisheni ya sehemu 13. Msimu wa pili ulifuata mwaka 2025. Hapa tutazungumzia zaidi ule msimu wa kwanza, kwani ndio unaobeba wazo zima.

Mhusika mkuu ni mvulana wa miaka 14 aitwaye Ko Yamori. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, anayejitahidi kuelewana na kila mtu. Siku moja msichana wa shuleni kwake akamwambia kuwa anampenda. Ko akamjibu kwa upole kwamba hawezi kuipokea habari hiyo, kwa kuwa hajui hata huko kupenda ni nini. Marafiki wa yule msichana wakamjia juu na kumlaumu. Ko akaona shule yote imemwelemea, akaacha kwenda. Usingizi nao ukamkimbia. Usiku mmoja akatoka nyumbani peke yake kwa mara ya kwanza, akakuta barabara tupu, taa zinawaka, na hakuna wa kumwuliza anakwenda wapi.

Katika matembezi hayo anakutana na Nazuna Nanakusa, mwenye sura ya mwanamke kijana. Nazuna anamwambia kwamba watu wanaoshindwa kulala ni wale ambao siku yao haijawaridhisha. Anamchukua hadi chumbani kwake ili amsaidie kupata usingizi, na anapodhani kijana amelala, anamng'ata shingoni. Kumbe ni mnyonya damu. Ko badala ya kukimbia anafurahi, na anataka naye awe vilevile, ili asirudi tena kwenye maisha ya mchana. Lakini kuna sharti: binadamu hawi mnyonya damu mpaka kwanza ampende kwa dhati yule atakayemng'ata. Tena ana muda wa mwaka mmoja tu tangu ang'atwe mara ya kwanza. Ukipita bila kufanikiwa, hatageuka kamwe, na wanyonya damu wengine wameapa kumuua ili siri yao isitoke.

Basi hiyo ndiyo hadithi: kijana ana mwaka mmoja wa kujifunza kupenda, ili apate kuacha kuwa binadamu.

TUWE WAADILIFU

Dini yetu inatutaka tuwe waadilifu hata kwa tusiyekubaliana naye. Kwa hiyo tuseme kwanza mazuri ya katuni hii, nayo si machache.

Kwanza, picha zake za usiku ni nzuri kwelikweli. Anga limepakwa rangi za zambarau na buluu, majengo ya makazi yamesimama kimya, na mashine za kuuzia vinywaji zinawaka kando ya barabara. Mchoraji ameujua utulivu wa saa nane za usiku, na mtazamaji anaelewa kwa nini kijana mwenye dhiki ameupenda.

Pili, lile neno la Nazuna kuhusu watu wasiolala lina ukweli ndani yake. Mara nyingi anayekesha bila kazi wala ibada ni mtu ambaye mchana wake umemdhulumu. Alitaka jambo fulani asilipate, au alitendewa jambo asilolisema. Anangoja kitu kingine kitokee kabla siku haijafungwa.

Tatu, katuni haikumsahau mtu mzima. Katika sehemu mojawapo anatokea mwanamke mfanyakazi wa ofisini, Kiyosumi Shirakawa, ambaye kazi imemchosha hata hawezi kulala, na bosi wake hamwachi apumzike hata usiku. Ko anastaajabu kuona kwamba mtu mzima naye anateseka kama yeye. Kwa kijana wa miaka 14, kugundua kwamba wakubwa nao huchoka na kuogopa ni hatua kubwa ya kukua.

Nne, yupo Akira Asai, msichana aliyekua na Ko katika jengo moja la makazi. Yeye huamka mapema mno kabla ya shule, na ndiyo maana wanakutana: mmoja anarudi kutoka katika usiku wake, mwingine anaanza asubuhi yake. Akira hamfokei wala hamdharau. Anachotaka ni kumwona tena shuleni. Kwa maoni yetu huyu ndiye mhusika bora kuliko wote, na kama waandishi wangemfuata yeye, leo tungekuwa tunaandika makala nyingine.

Aidha, isidhaniwe kwamba tatizo la Ko ni la kubuni. Wizara ya Elimu ya Japani huhesabu kila mwaka wanafunzi wa shule za msingi na sekondari za chini ambao hawakuhudhuria kwa siku 30 au zaidi, pasipo sababu ya ugonjwa wala ufukara. Katika mwaka wa masomo wa 2022, mwaka uleule katuni hii ilipoonyeshwa, walikuwa 299,048. Mwaka uliofuata wakafika 346,482. Hii ni nchi tajiri, yenye shule kila mtaa, na bado watoto wengi kiasi hicho wanashindwa kuvuka mlango wa darasa. Kwa hiyo aliyeandika juu ya mvulana aliyeacha shule alishika jambo zito, na alikuwa na watu wengi wanaongoja kusikia atasema nini.

TULIPOANGUSHWA

Sasa tuje kwenye malalamiko yetu. Yako manne.

La kwanza ni kwamba kidonda cha Ko hakitibiwi. Kijana huyu aliondoka shuleni kwa sababu ya ugomvi mdogo wa kitoto, ambao mazungumzo ya nusu saa mbele ya mwalimu mwenye busara yangeweza kuupoza. Tunatazama sehemu zote 13 tukingoja ukutane na ufumbuzi, na haukutani nao. Yule msichana aliyeumia kwa kukataliwa hatujui alijisikiaje baadaye. Wale marafiki waliomlaumu hawajibu kitu. Mama yake Ko, anayeishi naye nyumba moja, karibu haonekani. Mwana anatoka kila usiku na kurudi alfajiri, na hadithi inaendelea kana kwamba nyumba ile haina mtu. Mtunzi amewaondoa wote waliokuwa na uwezo wa kumsaidia, kisha anatuambia kwamba mnyonya damu ndiye rafiki pekee aliyebaki. Huko si kuonyesha upweke. Ni kuutengeneza.

La pili linahusu mapenzi. Ko alianza kwa kusema ukweli wa kupendeza sana: hajui kupenda ni nini. Kwa umri wake hilo si kosa. Lakini hadithi inamfundisha kupenda kama mtu anayetafuta hati ya kusafiria. Ampende Nazuna ili apate kitu, na akipate kabla ya mwaka kwisha. Upendo wenye faida iliyotajwa mwanzoni na tarehe ya mwisho iliyopangwa ni biashara. Waandishi wanalijua hilo, na mara moja moja wanaligusa, lakini hawana ujasiri wa kulisema mpaka mwisho.

La tatu ni suala la staha. Nazuna ana sura ya mtu mzima, Ko ni mtoto wa miaka 14, nao wanakaa chumbani peke yao usiku. Mizaha ya Nazuna ni ya matusi, bia hainyimwi nafasi, na mara nyingi mchoraji anamchora kwa namna ya kuvuta macho ya watazamaji wa kiume. Hatusemi haya kwa kuwa sisi ni walimu wa madrasa tu. Mzazi yeyote, wa dini yoyote, akiulizwa kama angependa mwanawe wa miaka 14 alelewe na mtu mzima wa namna hiyo chumbani usiku, jibu lake linajulikana. Kwa sababu hii pekee hatuwashauri wanafunzi wetu kuitazama, na tunawaomba wazazi wasihadaike na neno "katuni" wakadhani kila kilichochorwa ni cha watoto.

La nne ndilo lililotusikitisha zaidi, maana hapo ndipo hadithi iliposhika ufunguo ikautupa. Kuelekea mwishoni Ko na wenzake wanaingia shuleni usiku, wakamkuta mnyonya damu aliyekuwa binadamu kama wao, akageuzwa, na kwa miaka 10 amejizuia asinywe damu. Njaa imemharibu, amebaki kiumbe cha kutisha na kuhurumiwa. Mpelelezi wa kike aitwaye Anko Uguisu ndiye anayemmaliza. Ko anajifunza kwamba wanyonya damu husahau polepole maisha yao ya kibinadamu, na kwamba udhaifu wao mkubwa ni vile vitu walivyokuwa navyo walipokuwa watu.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Hata kwa kanuni za katuni yenyewe, anayeukimbia ubinadamu wake hulipa kwa kumsahau mama yake, rafiki zake na nafsi yake, na kitu kidogo alichokitumia zamani kinakuwa silaha ya kumwua. Hapo hadithi ilikuwa imejijibu. Ilibaki Ko aseme kwa sauti yake: "Mimi sitaki bei hiyo," kisha aanze safari ngumu ya kurudi mchana. Kijana anatikisika kweli kwa muda. Lakini msimu unapofungwa tunarudishwa kwenye furaha ileile ya angani na mwanga wa mji, kana kwamba yule mtu wa miaka 10 hakuwahi kuwapo. Msimu wa pili uliingia ndani zaidi katika maisha ya Uguisu, ambaye baba yake mwenyewe aligeuka mnyonya damu na kumuua mama yake. Huo ni uzito wa kweli. Lakini ni uzito wa mtu mzima aliyebeba msiba wa utotoni. Mtoto wetu Ko, aliyekuwa na swali lake mwenyewe, hakupewa jibu pale alipolihitaji.

Ndiyo maana tunasema hii ni hadithi ya kubalehe ambayo shujaa wake habalehe. Anapewa usiku, urafiki na msisimko. Hapewi jukumu hata moja.

MUMIANI NA MNYONYA DAMU

Katika pwani yetu wazee walikuwa na neno mumiani. Walisimulia habari za watu wanaovizia wenzao usiku na kuwatoa damu kwa ajili ya kutengeneza dawa, na kwa hofu hiyo watoto waliingia ndani jua linapozama. Hatusemi uvumi ule ulikuwa wa kweli, na uliwahi kuwaletea madhara watu wasio na hatia. Lakini tazama tofauti ya mafunzo. Mumiani alikuwa sababu ya mtoto kurudi nyumbani. Mnyonya damu wa katuni hii ni sababu ya mtoto kutoka nyumbani. Katika masimulizi ya wazee, anayekunyonya ni adui na damu yako ina thamani. Katika katuni, anayekunyonya ni rafiki na damu yako ni ada ya kuingilia.

Na hapa kijana apime mambo yake mwenyewe. Vipo vingi leo vinavyotunyonya usiku huku vikituchekea. Simu iliyo chini ya mto hainyonyi damu, lakini inanyonya saa tatu za usingizi, na asubuhi mwenye nazo anaamka amepauka kama aliyeng'atwa. Nayo haimtaki aridhike, maana akiridhika ataizima.

MWAKA WA KUNGOJA

Inafaa pia tujue kwamba Wajapani wenyewe wana majibu bora kuliko yale ya katuni hii. Tarehe 1 Aprili 2022, miezi mitatu kabla haijaanza kuonyeshwa, sheria mpya ya Japani ilishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 20 hadi 18. Kijana wa miaka 18 sasa anaweza kutia sahihi mkataba bila idhini ya mzazi, na hivyo naye anabanwa nao. Pombe na sigara zilibaki palepale kwenye miaka 20. Yaani taifa lile lilipofikiri juu ya kukua, lilitanguliza wajibu na kuacha starehe nyuma. Katuni imefanya kinyume chake.

Tena Japani ina shule za sekondari za chini zinazofundisha usiku, ambazo zilianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya watoto waliolazimika kufanya kazi mchana. Baadaye zikawapokea watu wazima waliokosa elimu utotoni, na wageni. Sheria iliyopitishwa mwaka 2016 imetaka nafasi hizo ziongezwe. Mwongozaji Yoji Yamada alitengeneza filamu juu ya shule ya namna hiyo mwaka 1993, iitwayo Gakko, maana yake ni Shule, na ndani yake yumo mtu mzima wa kazi za sulubu anayejifunza kusoma na kuandika. Usiku ni uleule, na taa ni zilezile. Lakini yule anautumia usiku kuutengeneza mchana wake, na Ko anautumia kuukimbia.

Kwetu sisi Waislamu umri wa Ko unatukumbusha jambo mahsusi. Wanafunzi wa darasa la fiqhi wanajua habari ya Abdullah bin Umar (R.A.). Siku ya Uhud alikuwa na miaka 14, akahudhurishwa mbele ya Mtume (S.A.W.) akitaka kutoka pamoja na jeshi, na hakuruhusiwa. Siku ya Khandaq alikuwa na miaka 15, akaruhusiwa. Khalifa Umar bin Abdul Aziz alipoisikia habari hiyo, aliifanya kuwa mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Kijana wa miaka 14 naye alikuwa na mwaka wa kungoja, kama Ko. Lakini yeye alingoja apewe mzigo, na Ko anangoja atuliwe mzigo. Abdullah alirudishwa siku ile bila kudharauliwa. Alirudi kwa watu wake, akaendelea kukua, na baadaye akawa miongoni mwa Masahaba waliopokea Hadithi nyingi kabisa.

Hadithi nyingine mashuhuri inatufundisha kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abalehe, na asiye na akili mpaka apate akili. Ukitazama vizuri, utoto na usingizi vimewekwa pamoja kama hali mbili za rehema, na zote mbili zina mwisho. Aliyelala ataamka. Mtoto atakua. Kijana anayekataa kulala na pia anakataa kukua ameikosa rehema ya pande zote mbili.

MANENO KWA WANAFUNZI

Wanafunzi wetu, hatukusudii kuwaambia kwamba kila anayechelewa kulala ni mkosefu. Wataalamu wanaeleza kwamba katika umri wa kubalehe mwili wenyewe huchelewesha homoni ya usingizi iitwayo melatonini, ndiyo maana kijana hahisi usingizi saa aliyokuwa akiuhisi utotoni. Lakini wataalamu haohao wanasema mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku. Basi mwili unachelewa kulala, na Alfajiri haichelewi. Ni lazima kitu kipunguzwe, na kitu hicho kisiwe Swala wala shule. Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na sasa mnaona hekima iliyomo ndani yake. Simu ilale sebuleni. Nuru ya kioo izimwe mapema. Ukiamka usiku, Allah (S.W.) amekuwekea jambo bora la kufanya saa hizo kuliko kuzurura.

Na ukiona umeanza kuuchukia mchana, yaani unaumwa tumbo kila ukifikiria shule, au kuna mtu unamkwepa, au umetendewa jambo unaloona aibu kulisema, basi usingoje likue. Lisemee. Mtafute mzazi, mwalimu, shangazi, mjomba, babu au bibi, yeyote unayemwamini. Asipokusikia wa kwanza, nenda kwa wa pili. Ko alikuwa na kosa moja kubwa kuliko kutoka nje usiku, nalo ni kwamba hakumwambia mtu mzima hata mmoja kilichompata.

Na aliye na rafiki aliyeacha kuja darasani, amfanyie kama Akira. Aende kwao. Asimcheke wala asimhubirie. Amwambie tu kwamba nafasi yake kwenye mkeka bado ipo.

MANENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Wazazi wetu, mtoto asiyelala usiku anawapa habari za mchana wake. Kumpokonya simu ni rahisi, na pengine ni lazima, lakini simu ikishaondoka swali linabaki: alikuwa anakimbia nini? Kabla ya fimbo tutangulize swali. "Mwanangu, leo shuleni kulikuwaje?" ni maneno machache. Yaulizwe kila siku mpaka mtoto ajue kwamba jibu lake litasikilizwa, hata kama jibu la siku hiyo ni baya. Mama na baba wasikubali kuwa kama wazazi wa katuni, waliomo ndani ya nyumba na wasiomo ndani ya hadithi.

Sisi walimu nasi tunahusika. Mtoto akikosa darasa siku tatu, daftari la mahudhurio halitoshi. Aulizwe hali yake, na nyumbani kwao kupelekwe mtu. Darasa ambalo mwanafunzi anadhalilishwa mbele ya wenzake, au wakubwa wanawaonea wadogo na mwalimu ameangalia pembeni, ni darasa linalowafukuza vijana usiku kwa mikono yake lenyewe. Wanyonya damu wa kila aina hawana haja ya kubomoa mlango. Wanangoja tu mtoto atoke mwenyewe.

Kwa kumalizia, kosa kubwa la Yofukashi no Uta ni kutufundisha kwamba dawa ya mchana mbaya ni usiku mzuri. Dawa ya mchana mbaya ni kuutengeneza mchana. Kazi hiyo ni nzito, haina rangi za zambarau wala kuruka angani, na mtoto wa miaka 14 hawezi kuifanya peke yake. Ndiyo maana amepewa wazazi, walimu, ndugu na marafiki. Allah (S.W.) ameufanya usiku kuwa vazi na mapumziko, na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Tunamwomba awajaalie vijana wetu usingizi wenye utulivu na kuamka kwenye kheri, na atujaalie sisi wakubwa tuwe watu wanaofaa kuamkiwa.

Wabillahi Tawfiq.